Milango Minane Chini ya Bati Moja

Kazi yangu ni ramani, na niliifanyia chumbani kwangu mtaani Kyebando, pazia limeshushwa ili mwanga usipige kioo cha kompyuta. Shirika lililoniajiri kwa mkataba mfupi hugawa misaada baada ya mafuriko. Watu wao huzunguka mitaani na simu, wakiuliza maswali na kurekodi mahali waliposimama. Mimi nabadilisha majibu yale kuwa nukta kwenye picha ya setilaiti, na nukta kuwa orodha ya watakaopewa.

Sikuisomea. Nilijifunza kwa video, nikizisimamisha kila baada ya sentensi ili niandike kwenye daftari. Aliyefundishwa na mwalimu huwa ameshasahihishwa. Mimi makosa yangu sijui yamejificha wapi, kwa hiyo nasafisha data, napitia mstari kwa mstari na kufuta yaliyojirudia. Nimewahi kufungua faili moja mara kumi na moja kabla ya kuituma, kisha nikaifungua tena baada ya kuituma. Kuna siku zilipita bila sauti yangu kutoka mdomoni, isipokuwa kumwambia muuza chapati weka mayai mawili.

Maji yalipoingia Namuwongo, kule bondeni karibu na reli, nilipewa wiki moja. Orodha ya magodoro na vyandarua ingefungwa Ijumaa. Kwenye faili nikaona nukta zimelaliana, saba, nane, mahali pamoja, zikipishana dakika chache tu. Kwenye zile video nukta za namna hiyo zilikuwa na maelezo yake: mtandao mbovu, fomu imetumwa tena na tena. Nikaandika kanuni ya mstari mmoja. Paa moja, kaya moja. Ya kwanza ibaki, nyingine zifutwe. Ramani ikapendeza, nukta zimeachana kama vifungo vya shati. Msimamizi wangu akajibu, "Safi sana." Maneno hayo mawili niliyasoma siku nzima, maana sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumatano nikatumwa kwa mwenyekiti wa zoni, yaani kiongozi wa mtaa ule, ili aithibitishe orodha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea juu ya ramani niliyoichora. Mwenyekiti alisimama mbele ya paa refu la bati, akasoma jina moja, akageuza ukurasa. Mama mmoja aliyekuwa akikamua godoro lililojaa tope akanyanyuka.

"Hapa umesoma mutu moja. Na sisi?"

Mwenyekiti akanielekeza kwa kidevu. "Muulize nyabo, bibi huyu wa kompyuta."

"Wewe ndiyo ulitufuta?"

"Nilidhani fomu imetumwa mara mbili, mama."

"Mara mbili? Mimi na huyu tunafanana?" Alimwonyesha jirani yake muuza makaa, mwanamume mnene mwenye ndevu. "Bibi yake akisikia tuko nyumba moja, atanipika."

Watu wakacheka, muuza makaa kuliko wote. Kisha akanieleza. Siku ya fomu uani kulikuwa na tope la magotini, basi yule wa simu alisimama kwenye kibaraza kikavu na kuwaita wapangaji mmoja mmoja. Milango minane, kibaraza kimoja, nukta moja.

Na mimi mwenyewe nimepanga chumba cha namna hiyo. Kyebando tuko milango sita chini ya bati moja. Namsikia jirani akikohoa, najua redio yake huzimwa saa ngapi, na jina lake silijui. Nilipoandika kanuni niliwaza nyumba za kwenye video, kila moja na ua wake.

Nilikaa kando ya reli. Nakiri nilichowaza kwanza: kuwarudisha hawa saba niliowafuta kimyakimya, niseme fomu zao zilichelewa. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Lakini mapaa marefu yalikuwa yamejaa bonde zima, na kutoka chumbani nisingeweza kujua ipi ilikuwa kaya halali na ipi fomu iliyorudiwa. Ilibidi watu watembee upya. Nikaandika kwenye simu, "Nimefuta kaya halali. Kanuni ilikuwa yangu. Naomba orodha isifungwe Ijumaa." Nikatuma bila kurudia kusoma.

Msimamizi akapiga. "Umefuta ngapi?"

"Sijui."

"Wewe? Hujui?"

"Ndiyo maana nimeandika."

Akasema orodha itasubiri hadi Jumanne, na kwamba habari ya mkataba tutaiongea baadaye. Tulitembea siku nne, mimi na wenzangu wawili, mlango kwa mlango. Sasa nilirekodi nambari ya mlango, si paa. Wenzangu walikula mchana pamoja. Mimi niliendelea kuhesabu, hakuna aliyenikataza.

Siku ya kugawa nilisimama nyuma ya lori na fomu ya sahihi. Yule mama alipita na godoro kichwani, shingo imekazwa, asiweze kugeuka, na sijui kama aliniona. Mwenyekiti akaita mlango wa nane. Akaita tena.

"Waliondoka Jumamosi, kabla wenzako hawajafika kwetu. Jina lao niliandikisha mimi," muuza makaa akasema. "Walisikia jina halikusomwa, na mtoto alikuwa analala kwenye maji. Wameenda kwa ndugu yao, sijui upande gani."

"Simu yao?"

"Ilikufa na maji."

Wakalifunga godoro lile kwa kamba na kulirudisha juu ya lori. Kwenye fomu, mwisho wa kila mstari kuna kisanduku cha sababu ya kutopokea. Niliweka kalamu pale bila kuandika kitu, mpaka mwenyekiti akaniuliza kama wino umekwisha.