Shuka Unisalimie

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi tangu utotoni, na nikitembea, nyonga yake inauma mpaka kwenye meno. Juu ya baiskeli hauumi. Hilo nililigundua mwenyewe nikiwa binti, na miaka mingi baadaye daktari mmoja pale Singida mjini akaniambia vivyo hivyo: endesha sana, tembea kidogo, maana ukikaa kwenye siti uzito hauilalii nyonga.

Walionijua kwa miguu walinionea huruma, na huruma ya watu mimi naijua, ni matusi yaliyofunikwa kanga. Lakini nikishakaa kwenye siti, kapu la vitunguu limefungwa kwenye keria, nikielekea gulioni Ikungi, hakuna aliyejua nina mguu gani. Upepo wa kwetu nao una nguvu. Ukikujia mgongoni asubuhi unakwenda hata hukanyagi. Nilikuwa naimba njia nzima. Sauti yangu mbaya, lakini ningefanyaje, raha ni raha.

Tatizo langu lilikuwa moja tu, kupanda. Mwenye miguu sawa anarusha mguu na kuondoka. Mimi nahitaji jiwe au tuta, niegemeze baiskeli, nipandie hapo. Nyumbani nilikuwa na jiwe, na gulioni kulikuwa na ngazi ya duka. Katikati ya hapo sikutaka kushuka kwa lolote.

Na katikati ya hapo ndipo alipokaa baba mkwe wangu.

Boma lake liko bondeni, njia inapomaliza kuteremka kutoka kwetu na kuanza kupanda tena kwenda barabara ya lami. Ule mteremko ndio niliokuwa nautegemea, kwa sababu kasi ya kushuka ndiyo iliyonivusha mlima wa pili. Yeye alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya njia, na wazee wenzake wawili. Kwetu huku mkubwa hasalimiwi mtu akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unainama kidogo, unasema shikamoo, ndipo unaendelea. Mila hiyo siipingi, nimelelewa nayo, na watoto wangu wakimpita mzee bila kushuka nawachapa. Lakini wazee wenye utu humwambia mwenye mguu kama wangu, pita mwanangu, tumeshakuona.

Yeye, ng'o. Alinishusha kila siku ya gulio. Nikishuka ananiitikia polepole, ananiuliza habari za nyumba, za mbuzi, za mvua, na zote anazijua, kisha ananiacha niisukume baiskeli mlimani kwa miguu huku nikipepesuka. Nyuma yangu nawasikia wanacheka. Siku moja nilijikaza nikamweleza maneno ya daktari, kwamba kwangu mimi baiskeli ni dawa. Akawageukia wenzake akawauliza ni dawa gani hiyo yenye kengele. Walicheka mpaka wakakohoa. Nilipomwambia mume wangu, akasema baba ni baba, kwani kushuka mara moja kutaniua? Akanishauri nipande bodaboda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Kiangazi kimoja niliamka nyonga imechachamaa. Nikajua nikishuka pale bondeni, Ikungi sifiki. Nikateremka. Nilipomwona kwenye kigoda chake nikapiga kengele, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo baba kwa sauti ya kusikika, nikapita. Jamani, ule mlima niliupanda kama msichana. Nilipofika juu nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Jioni niliporudi hakuwepo pale, na nyumbani sikuambiwa neno. Nikadhani yameisha, mjinga mimi.

Gulio lililofuata niliteremka kwa kasi ileile. Nilipomaliza kona iliyo karibu na boma, nikakuta miiba imelazwa njia nzima, matawi makubwa ya mgunga yaliyokatwa asubuhi ileile, majani bado mabichi. Nikabana breki zote mbili. Gurudumu la mbele likazama kwenye miiba, baiskeli ikasimama, mimi sikusimama. Nilirushwa juu ya usukani nikaangukia upande wa kushoto, na nikaisikia nyonga ikivunjika kama ukuni mkavu.

Baadaye, kwenye kikao cha ukoo, alisema aliziba njia ili mbuzi wasiingie kwenye alizeti zake. Alizeti gani? Zilishavunwa, shamba jeupe, kila mtu pale alikuwa amelipita akija. Wote wakatikisa vichwa kukubali, na mume wangu akiwa mmoja wao. Kwao ilikuwa ajali.

Mimi najua nilichokiona nikiwa chini. Alikuja taratibu na fimbo yake, vitunguu vyangu vimesambaa mpaka miguuni pake. Hakuinama wala hakuita mtu. Alisimama mbele yangu akaniangalia, akawa anasubiri, nami nikaelewa anasubiri nini. Mdomo ulikuwa umejaa mchanga. Nikautema, nikamwamkia.

"Marahaba, mkwe wangu," akasema. "Kumbe kushuka unaweza."

Ndipo akaita watu waje wanibebe.

Nyonga iliungwa vibaya na haikunjiki tena, kwa hiyo siti siiwezi. Baiskeli anaiendesha shemeji yangu. Gulioni naenda mara chache, kwa magongo mawili, kwa njia ileile kwa sababu hakuna nyingine, na mzee bado yupo pale na kigoda chake. Namchukia. Nikimfikia nasimama, nainama, namwamkia, naye huitikia.