Mifuniko ya Fundi Kesho

Jina la Fundi Kesho marehemu alipewa na wateja wake mwenyewe, na hakulikasirikia. Alikuwa akitengeneza vyombo vya nyumbani: pasi, mabirika, feni, majiko ya mafuta ya taa, miavuli, redio zilizopoteza sauti na taa zilizovunjika shingo. Mikono yake Mungu aliibariki. Tatizo lilikuwa ulimi. Ukimuuliza kitu chako kitakuwa tayari lini, alikuambia kesho, kwa sauti ya upole na uso wa mtu anayeamini anachosema, nawe ukarudi nyumbani umeridhika. Kesho yake ukija alikuambia vilevile, na upole haukuwa umepungua hata chembe. Mke wake naye akaitwa Bi Kesho bila kuulizwa, kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Chombo kikimfikia, mteja hajafika hata barabarani, tayari kimefunguliwa chote na vipande vimepelekwa kwa ndugu zao. Mifuniko yote ilikaa ukuta wa dirishani. Vishikio vyote vilikuwa kwenye sanduku la bati. Mapanga ya feni yalining'inia kwenye misumari juu ya kitanda cha zamani alichokigeuza meza, na nyaya zililala ndani ya magunia kama nyoka walioshiba. Alisema kitu kikiwa kizima kinaficha ugonjwa wake. Mfuniko upi ni wa birika lipi, alijua yeye na Muumba wake, kwa sababu hakuandika popote. Bi Kesho akimwambia chumba kimejaa, alijibu kwamba akiba haiozi. Mkewe alimwambia ni kweli haiozi, lakini inaota kutu, na anayeifagia hiyo kutu ni yeye.

Kisha Mungu akamchukua, asubuhi moja, akiwa amekaa kwenye kigoda chake na feni ya kinyozi mapajani. Bi Kesho akabaki na nyumba ya vyumba viwili: kimoja cha kulala, na kingine kimejaa mpaka darini.

Chumba hicho ndicho kilichozua shughuli. Mama mkwe wake, mama mzazi wa marehemu, alikuwa akiishi peke yake, na baada ya maziko magoti yakamsaliti. Alianguka akitoka kuoga, akalala pale chini mpaka watu walipomsikia akiimba nyimbo za ibada kwa sauti ya hasira. Ikaonekana wazi kwamba hawezi tena kuachwa peke yake. Mwanawe mdogo, shemeji yake Bi Kesho, alikuwa karani na alipanga ghorofa ya nne, kwenye jengo la ngazi tupu, lisilo na lifti. Bibi alisema bila kuficha kwamba akipandishwa kule atashushwa amebebwa, na mtu wa kushushwa hivyo hana haja tena ya kuuliza anapelekwa wapi. Alitaka nyumba ya mwanawe mkubwa, ya chini, ambako mtu anafungua mlango na kuona walimwengu wakipita.

Bi Kesho naye alimtaka. Watu walishangaa, maana miaka yote wawili hao walipendana kwa mbali, kama mtu anavyompenda mbwa wa jirani. Lakini tangu maziko nyumba ilikuwa imenyamaza vibaya. Alijikuta anamimina chai vikombe viwili, kisha anakunywa vyote ili kisionekane kilichobaki. Aliona bora kusutwa na mtu mzima kuliko kuhurumiwa na kuta.

Shemeji alikuja kukagua chumba. Hakuingia, kwa sababu hapakuwa na pa kukanyaga. Alisimama mlangoni, akainua macho, akayaona yale mapanga.

"Shemeji," alisema, "mimi mama yangu simlazi chini ya mapanga. Jumamosi nakuja naye na gari. Nikikuta chumba kiko wazi, anashuka hapa. La sivyo tunanyoosha mpaka kwangu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma Bi Kesho zaidi, kwa kuwa mtu mwenye haki huwezi hata kumnunia.

Jumatatu alisali, akajifunga kitambaa kichwani, akaingia vitani. Alipanga kutenga mafungu mawili, la kutupa na la kubakiza. Kitu cha kwanza kukishika kilikuwa mwavuli uliobaki mbavu tupu, akautupa kwenye fungu la kwanza kwa ushujaa. Cha pili kilikuwa redio, na mgongoni mwa redio akaona alama ya kidole gumba cha marehemu, ya gundi, imekauka pale. Akaiweka kando, siyo kwenye kutupa wala kubakiza. Likazaliwa fungu la tatu, la kufikiria. Kufika mchana, fungu la kutupa lilikuwa na mwavuli mmoja, la kubakiza halikuwa na kitu, na la kufikiria lilikuwa limeziba mlango. Ikabidi atokee dirishani.

Alikuwa mguu mmoja ndani na mmoja nje, akitafuta ardhi kwa kidole, mshonaji alipomwona. Huyu mshonaji alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, cherehani yake iko barazani, na hakuna lililopita mtaani bila yeye kulipima urefu na upana.

"Jirani," alimwambia taratibu, bila kusimamisha cherehani, "siku hizi unajiibia mwenyewe?"

Bi Kesho akaenda kuutupa ule mwavuli jalalani, walau apate kitu cha kumwonyesha shemeji. Kabla hajafika nyumbani, muuza mkaa alimkimbilia nao, akihema, akimwambia ameudondosha mwavuli wa marehemu. Akashukuru. Jioni akaurudisha jalalani kwa siri, na asubuhi akaukuta umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wake, umepanguswa vumbi. Mtaa mzima ulikuwa unavijua vitu vya Fundi Kesho kuliko ulivyowajua watoto wa mtaa wenyewe. Hakuna jalala ambalo lingekubali kuvimeza.

Ni mshonaji aliyemfungua macho. Alimwambia anateseka kuachana na vitu ambavyo si vyake, wala havikuwa vya mumewe. Vina wenyewe, na wenyewe wako hai, wengine anakutana nao kila siku wakinunua chumvi. Awaite waje wachukue. Miaka yote aliyovifokea vile vitu, Bi Kesho alivifokea kama vya mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza kufikiri kwamba alikuwa akigombana na mali za watu.

Kwenye ibada ya Jumatano likatolewa tangazo, kwamba wenye vyombo kwa marehemu wafike Alhamisi. Walifika. Walijaa uani, wakasogea mpaka barabarani, na wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu mstaafu, aliyeleta birika wakati bado anafundisha. Birika likapatikana. Halikuwa na mfuniko wala kishikio. Bi Kesho akageukia ukuta wa dirishani, mifuniko ikamtazama, naye akaitazama.

"Ni huu," alisema.

"Huo ni wa sufuria," alisema mwalimu.

"Basi huu."

"Huo nao, mama, nadhani ni kioo cha taa ya gari."

Hapo ndipo Bi Kesho alipoelewa kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale watu atakayepata kitu chake kizima, kwa sababu ramani yote ilikuwa kichwani mwa mtu aliyelala kaburini. Kusema hivyo mbele za watu ilikuwa kama kumvua marehemu nguo. Na Jumamosi ilikuwa mlangoni. Kwa hiyo akafanya kosa, na alilifanya kwa sauti ya mamlaka. Aliamuru kila mmoja achukue mwili wa chombo chake, kisha apite ukutani achukue mfuniko mmoja, sandukuni kishikio kimoja, gunia la nyaya waya mmoja, na mwenye feni ajihesabie mapanga. Yaliyobaki, alisema, Mwenyezi Mungu atayapanga.

Mjane habishiwi. Watu wakatii kwa adabu kubwa. Mwalimu aliondoka na birika lenye mfuniko mdogo kama kofia ya mtoto. Mama mmoja alipewa pasi yenye kishikio cha kikaango, akasema asante na Mungu akuzidishie. Kinyozi aliichukua feni yake, ileile ya mapajani, na mapanga matatu ambayo kila moja lilikuwa na ukoo wake. Hata ule mwavuli wa mbavu tupu ulipata mtu, kijana wa kuuza mahindi, aliyeona utamfaa kuanikia soksi.

Jioni chumba kilikuwa kitupu. Bi Kesho aligundua kwamba sakafu yake ilikuwa nyekundu, alikuwa amesahau. Alisugua kwa sabuni, akasugua tena, kisha akakaa katikati ya ule wekundu akalia. Bisibisi ya marehemu aliibakiza, akaifunga kwenye leso. Mungu hakusema tutoe kila kitu.

Jumamosi gari lilikuja, kitanda juu, bibi mbele pembeni ya dereva, fimbo mkononi kama usukani wa pili. Shemeji alimshusha. Bibi alipita kwa Bi Kesho akamshika bega, akaenda moja kwa moja chumbani. Alisimama katikati. Alitazama ukuta, akautazama mwingine, akavuta pumzi puani kama mtu anayetafuta moshi.

"Hapa ndipo alipokuwa akikaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona nanusa sabuni tu?"

Bi Kesho alikuwa amefanya kila alichoambiwa, chumba kiko wazi, hakuna panga hata moja, na sasa uwazi wenyewe ndio ulikuwa kosa. Bibi alitoka akaketi kwenye benchi la mlangoni. Alisema mwanawe hayumo mle ndani. Shemeji akaona mwanya, akaingia kwa upole, akasema kitanda bado hakijashushwa na gari bado linanguruma. Kama mama haoni raha, waendelee tu mpaka kwake, chumba kiko tayari, kina hewa. Bibi hakukataa. Bi Kesho aliposikia hakatai, alikwenda akasimama kati ya benchi na gari.

Ndipo mwalimu mstaafu alipotokea na birika lake.

Aliomba radhi kwanza, akiona wageni. Kisha akaeleza kwamba hana nia ya kulalamika, ila kila akimimina chai mfuniko unatangulia kikombeni. Nyuma yake alikuja mama wa pasi, mkono umefungwa kitambaa, kwa sababu kishikio cha kikaango kilikuwa kinapata moto kuliko pasi. Kinyozi alifika na feni begani. Alisema ameiwasha jana, ikageuka yenyewe mezani, ikawa inamfuata mteja aliyepakwa sabuni nusu ya kichwa. Wengine wakaendelea kuja, kila mmoja na kilema chake, mpaka ua ukajaa.

Bi Kesho alitaka ardhi ipasuke. Alianza kuwataka msamaha, lakini fimbo ya bibi ikagonga chini.

"Ngojeni," alisema. Aliielekeza fimbo kwa mwalimu. "Wewe birika ulilileta lini?"

Mwalimu alikohoa. Alisema ni zamani kidogo.

"Na mwanangu alikuambia uje lini?"

Mwalimu alitazama chini. Marehemu hasemwi, na alikuwa mtu wa adabu. Lakini fimbo iligonga tena, naye akasema ukweli: aliambiwa kesho. Aliambiwa kesho mpaka akastaafu. Siku moja alikuja amekasirika kweli, na marehemu alimkaribisha, akamwekea maji ya chai kwenye sufuria, wakazungumza mpaka giza likaingia, na alipofika nyumbani kwake ndipo akakumbuka kwamba hakuuliza habari za birika.

Bibi alitoa sauti. Shemeji alisogea haraka akidhani ni kilio, lakini bibi alikuwa anacheka, mabega yanatikisika.

"Huyo ndiye mwanangu," alisema. "Pale mazishini mlinisomea habari za mtu mwingine. Mtu wa ahadi, hajawahi kumuudhi mtu. Nikakaa nalia, najiuliza nimemzika mtoto wa nani."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia watu. Mama wa pasi alieleza jinsi alivyoahidiwa kwa kiapo. Muuza mkaa, ambaye hakuwa na chombo chochote, alisimama kueleza cha ndugu yake. Bibi alisikiliza kila mmoja mpaka mwisho, kisha akaamua kesi. Aliamuru wenye mifuniko wainue mifuniko juu, wenye vyombo wapite katikati yao wakijaribu, na asiondoke mtu hadi chombo chake kifunikike. Ua ukawa kelele ya bati kwa bati. Mfuniko wa mwalimu ulipatikana kwa mama wa mtaa wa pili, aliyekuwa ameanza kuuzoea.

Shemeji aliinama sikioni mwa mama yake, akamkumbusha kwamba dereva anasubiri.

"Mwambie ashushe kitanda, aende," alijibu bibi. "Huoni nina kazi? Na wewe, mkwe, kitanda kikae dirishani, niwe naona. Nakoroma, nakuambia mapema."

Bi Kesho alimwambia asiwe na wasiwasi, aliozeshwa kwa mwanawe, kukoroma anakujua.

"Kukoroma alirithi kwangu," bibi alisema kwa fahari.

Kitanda kikaingia. Shemeji na dereva walikisukuma mpaka dirishani, na Bi Kesho akatandika shuka, akapiga mto mara mbili kuuweka sawa. Nje kinyozi alikuwa ameanza kusimulia habari za feni yake tangu mwanzo, na watu walikuwa wameshaanza kucheka. Bi Kesho aliacha blanketi nusu likiwa halijakunjuliwa, akatoka upesi asije akapitwa.