Bega la Madamu

Mimi ni wifi yake huyu fundi, kwa hiyo mkinisikia namsifu mjue imenitoka kwa shida. Mchuzi wake hauna chumvi, chumvi yote iko mdomoni. Lakini mpe kitambaa na mkasi, utamvulia kofia. Miaka kumi na moja alishona kwenye duka la Madamu, na miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba bega la kushoto la Madamu limeshuka vidole viwili. Wifi alimpima kwa mikono yake mwenyewe, akatia sponji nyembamba upande ule, akapandisha mshono kidogo, na Madamu akatoka amenyooka kama rula.

Halafu hariri ya mteja mmoja, mke wa daktari, ikapotea. Madamu hakuuliza. Alisimama katikati ya duka, wateja wamejaa, akamnyooshea wifi kidole. "Huyu ndiye anayebaki na funguo. Hariri iko kwake." Siku mbili baadaye ilionekana nyuma ya kabati la vifungo. Wifi aliiona, Madamu naye akaiona. Unajua alifanya nini? Aliikunja, akampelekea mke wa daktari, akasema amempokonya mwizi.

Fundi akishaitwa mwizi, nani atamwachia kitambaa? Wateja waliokuwa wakimfuata mpaka nyumbani walianza kuvuka barabara wakimwona. Madamu akampa wiki moja aondoke, na kabla hajaondoka amtengenezee sanamu la mwili wake la kupimia nguo, maana hakutaka fundi mpya amshikeshike. Nikawaka.

"Na wewe utamtengenezea?"

"Nitamtengenezea, wifi. Tena vizuri."

Alimvalisha fulana kuukuu ya kubana, akamzungushia selotepu pana kuanzia nyonga hadi shingoni, safu tatu, akikaza chini ya kifua. Madamu alisimama saa nzima akilalamika joto. Kisha wifi akachana mgongoni kwa mkasi na kulivua ganda lote zima. Fundi mwingine angefunga mgongo, akajaza matambara, akavisha kitambaa cha pamba, basi. Wifi alingoja Madamu atoke, akaligeuza ganda ndani nje, kama unavyogeuza soksi. Bega la kushoto likawa la kulia. Ndipo akalijaza na kulivisha.

Aliponieleza niliingiwa na hofu. "Ataona."

"Aone nini? Yeye mwili wake anaujua kwa kioo."

Na kweli. Madamu alisimama mbele ya sanamu, akaliona limeinama upande ule ule anaouona kila asubuhi akijitazama. "Ndiyo mimi huyu," akasema, akaridhika.

Baada ya miezi miwili Madamu alifungua duka la pili. Gauni la siku hiyo lilishonwa juu ya sanamu, na fundi mpya, maskini, alitia sponji pale alipoona pameshuka. Madamu hakulijaribu. Alikuwa akijigamba kwamba yeye hajaribishwi nguo, sanamu lake linatosha. Akalivaa asubuhi ya ufunguzi, wageni wakiwa mlangoni. Bega la kulia, lile zima, likapandishwa na sponji, la kushoto likaning'inia peke yake, shingo ya gauni ikakimbilia upande. Ungedhani amebeba ndoo ya maji. Picha zikapigwa. Nilikuwepo, na sitawadanganya, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatatu alikuja nyumbani kwa wifi, macho yamevimba. "Umenifanya nini?"

"Nimekuachia sanamu uliloagiza."

"Nirekebishie, fundi. Nakuomba."

"Hariri ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya kabati," Madamu akanong'ona.

"Basi kaseme pale pale uliponinyooshea kidole. Mimi nitakuja na mkasi."

Jumamosi duka likiwa limejaa, Madamu alisema hariri ilikuwa wapi. Alisema kwa sauti ya mbu. Wifi akamwambia, "Wa nyuma hawajasikia," Madamu akarudia. Alipomaliza, wifi alilichana sanamu mbele ya watu wote, akamwaga matambara, akaligeuza. Wote wakaona fulana ilivyokuwa juu na selotepu ndani, wakaelewa, na kila jicho likaenda kwenye bega la Madamu. Hakurudi dukani kwa wiki tatu. Wifi hakujuta hata chembe, wala mimi.

Mteja wa kwanza kurudi nyumbani kwa wifi alikuwa mke wa daktari. Alileta kitambaa cha buluu, akakiweka mezani, lakini hakukaa. Alisimama karibu na mlango, mkoba kifuani.

"Fundi, kitambaa nakuamini nacho," akasema. "Ninachoogopa kukuachia ni mwili wangu."

Wifi akatoa pini mdomoni. "Uliponiita mwizi nawe, uliogopa?"

Mama wa watu akajaribu kucheka. Kisha akavua viatu, akasimama wima katikati ya chumba, akainua mikono apimwe.