Mke Wangu Alipoimba Tena

Enzi za Mwingereza, hapa Temeke, mke wangu aliacha kuimba tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Kisha mtawa mmoja Mfaransa, mpiga piano, akamfundisha mfululizo wa nyimbo za dini za kwao, za sauti ya juu.

Siku ya kuziimba, katika ukumbi wa shule, mimi msomi wa chuo kikuu nilisimama kuwasomea watu kurasa za maelezo kuhusu Kifaransa nisichokijua. Jirani yetu, mama wa Kizaramo, akanivuta shati.

"Ebo! Keti, mwalimu. Huoni mwenzio keshavuta pumzi?"

Nikaketi. Mke wangu akaimba kwa sauti niliyodhani tumeizika pamoja na mtoto. Sikuwa na leso, nikafutia machozi yale maelezo. Jirani yule namshukuru hadi leo.