Mtungi wa Mwalimu Kyule

Marehemu mume wangu, Mwalimu Jonah Kyule, hakuwa akiokota vishungi vya sigara ili avivute. Naandika wazi kwa sababu maneno hayo yamefika hadi Kabati, kwa watu wetu wa Kitui, na wanaoyasema walikula wali kwenye mazishi yake.

Alipostaafu, aliona mvua ikisomba vishungi wanavyotupa wasafiri hapa stendi ya Makindu na kuvipeleka mtoni. Jumamosi iliyofuata alinoa spoku ya baiskeli, akavaa tai, akaenda kuvidunga kimoja kimoja na kuvitia kwenye mtungi wa plastiki. Makondakta walimcheka.

"Mwalimu, pensheni imekatwa? Sema tukununulie pakiti!"

"Ninunulieni mtungi mwingine," akawajibu. "Huu umejaa."

Gakenia, mwenye hoteli ya chai hapo stendi, akawa wa kwanza kumfuata. Mwishowe walikuwa kumi na mmoja, wote wa kujitolea.

Siku ya mazishi walileta mtungi wa mwisho aliojaza, wakauweka mezani kando ya picha yake, kama wengine wanavyoweka shada. Sikuhisi chochote. Niliona tu kwamba kifuniko ni cha buluu. Wifi yangu Wavinya akaninong'oneza, "Mama Mbithi, ni nini hii? Watu wanaangalia." Nikavua leso yangu, nikaufunika.

Hapo ndipo nilipokosea. Kila aliyepita kumuaga alitaka kujua mjane anaficha nini, na kabla sufuria hazijaoshwa walikuwa wamepata jibu: sigara za marehemu.

Sasa mtungi uko sebuleni, juu ya kabati la vyombo, karibu na cheti chake cha ualimu. Hauna leso. Jumamosi Gakenia hupita kuchukua spoku, na jioni huirudisha. Hatuzungumzi sana.

Juzi Wavinya alikuja, akautazama mtungi hadi chai yake ikafanya utando.

"Lakini Mama Mbithi, mtu asiyevuta ahangaike hivyo kwa nini? Kwani alikuwa anavuta kwa siri?"

"Kunywa chai."

"Mimi ni dada yake. Niambie tu."

"Nilikaa na ndugu yako miaka thelathini na minane. Alichookota ni hicho unachokiona. Zaidi ya hapo sisemi, kwako wala kwa mwingine."