Mkono Uliotulia Usingizini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, pale Likunja, niliamini kwamba bibi yangu ameacha kunipenda. Bibi Somoe alikuwa mama yake mama, na ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa, maana wazazi wangu walikuwa Nachingwea, baba akifanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Bibi alikuwa mtu wa utani. Aliniita mke mwenzangu, na kila siku alinituhumu kwamba ninamnyang'anya marehemu babu, ambaye mimi hata sikuwahi kumwona. Halafu utani ukakatika. Nikimwambia neno la kuchekesha ananitazama tu, uso mkavu kama wa mtu anayesikiliza kesi isiyomhusu. Sauti ikawa ndogo, hatua zikawa fupi fupi za kuburuza miguu. Nikajua amenichoka.

Wakati huohuo mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Ulitetemeka hasa akiuweka pajani bila kazi, dole gumba likisugua kidole cha pili kama anapukuchua hindi. Angekuwa mwanamke mwingine, watu wangesema ni uzee, wakaendelea na mambo yao. Lakini bibi alikuwa dada mkubwa wa ukoo, na katika ukoo wetu dada mkubwa ndiye aliyemwaga unga.

Mtu akitaka kusafiri, au watoto wakitaka kupelekwa jandoni, bibi alichota unga wa mtama, akachuchumaa chini ya mti wa matambiko, akataja majina ya waliotangulia huku akiuachia unga utiririke kutoka kiganjani mpaka ufanye kichuguu chenye ncha. Ncha ikisimama, wazee wamekubali. Ikimeguka, wamekataa. Tulikuwa Waislamu, tunaswali na kufunga, na mwalimu wetu wa madrasa alizijua habari za unga ule kama sisi. Siku za kumwaga unga alipitia njia nyingine.

Mwaka ule Mjomba Selemani, mtoto wa mwisho wa bibi, alitaka kwenda Nachingwea kutafuta kazi. Bibi akamwaga unga. Mkono ukaruka, unga ukatawanyika kwenye majani makavu. Akachota tena, ukatawanyika tena. Mara ya tatu mjomba mwenyewe akacheka, akasema, "Mama, wazee leo wamelala," akapanda baiskeli yake ya kuazima akaenda zake. Hakufika mbali. Karibu na Nkowe baiskeli ilimtupa korongoni, akaletwa nyumbani kwa machela, mguu umevunjika.

Basi hapo maneno yakaanza, na aliyeyashikia bango ni Bibi Zainabu, mdogo wake bibi, tumbo moja. Akasema unga haukosei. Wazee wamemkataa dada kwa sababu kuna neno baya amelificha, na asipolisema, ukoo mzima utakwisha.

Asubuhi moja wakaketi uani, kina bibi na kina babu, na sisi watoto pembeni. Nawaandika kama ninavyowakumbuka, na sikumbuki hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya. Walikuwa na hofu.

"Sema, dada," Bibi Zainabu alimwambia. "Sisi ni ndugu zako. Sema tukuombee."

"Sina neno," bibi akajibu. Sauti ilikuwa ndogo hata waliokaa nyuma wakaulizana amesema nini.

"Mwangalieni uso," mmoja akasema. "Hata haya haoni."

Ule uso ulikuwa haujatikisika. Kijana wake amelala ndani na mguu uliofungwa vipande vya miti, ndugu zake wanamzingira kwa maswali, naye anatazama mbele vilevile. Mimi mwenyewe, mjukuu wake, nilikuwa namhukumu kwa uso uleule kwa miezi. Lakini kuwasikia watu wengine wakimhukumu kuliniuma, nikajitia kimbelembele.

"Bibi hana ubaya!" nikasema kwa sauti. "Mkono wake akilala unatulia. Mimi nalala naye. Hata mchana akisinzia mkekani, hautikisiki kabisa."

Akili yangu ya kitoto ilikuwa imekata shauri kwamba bibi amechoka kwa kutwanga. Nilitaka wamwache apumzike. Nilidhani wataniambia, mtoto ana akili huyu.

Bibi Zainabu alinigeukia taratibu. "Unatulia?"

"Ndiyo, bibi. Kabisa."

"Basi kinachoutikisa kinamtoka," akasema, si kwangu, kwa wote. "Akilala kinakwenda kutembea."

Hakuna aliyeuliza kinakwenda wapi. Kila nyumba ilikuwa na mtoto wake iliyemzika, na niliona nyuso zikimkumbuka kila mmoja wake. Kabla jua halijapanda, kikapu cha unga kilikuwa mikononi mwa Bibi Zainabu. Bibi yangu alikipitisha mwenyewe, kikitikisika.

Tangu siku hiyo wanawake waliokuwa wakipita kwetu kuomba moto waliuomba kwingine. Mwalimu wa madrasa alimwandikia bibi kombe la aya za Kurani, akaliosha kwa maji akamnywesha, na namshukuru, kwa sababu hakuna mwingine aliyekanyaga ua wetu. Kisha baba akaja kunichukua. Nilipokuwa napakiwa kwenye baiskeli, bibi alinisogelea na hatua zake fupi.

"Mke mwenzangu," akasema, "umesema ulichokiona. Usilie."

Nilimtazama usoni nitafute kama amenisamehe. Hamkuwa na kitu. Nilikwenda Nachingwea nikiamini nimeachwa na mtu aliyenichukia, na kwamba ana haki ya kunichukia. Alifariki miaka mitatu baadaye. Sikuonana naye tena.

Nilikuja kusomea unesi. Siku moja daktari alitusimamisha kwenye kitanda cha mzee mmoja, mgeni kwangu kabisa, mkono wake wa kulia unapukuchua hindi lisilokuwepo. "Tazameni uso," daktari akasema. "Misuli imekakamaa. Mgonjwa anaweza kuwa anafurahi au analia moyoni, uso hauwapi habari. Mtetemo huongezeka mkono ukiwa hauna kazi. Akipata usingizi, hutoweka." Wenzangu waliandika. Mimi nilishika chuma cha kitanda mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku hizi ugonjwa huo unatajwa hata redioni, Parkinson. Miaka ilivyokwenda tulijifunza kwamba sehemu ndogo ndani ya ubongo hufa polepole, ile inayotengeneza kemikali ya kuulainisha mwendo wa mwili. Kwa nini ife kwa huyu na si kwa yule, hajatokea wa kutuambia kwa uhakika. Umri umo, pengine na damu ya ukoo, pengine na sumu tunazovuta au kunywa. Vidonge vipo, vinalegeza viungo, na mazoezi husaidia, ila hakuna dawa inayourudisha ubongo ulivyokuwa. Enzi za bibi hata vidonge hivyo havikuwepo. Kwa hiyo sijidanganyi kwamba tungemponya. Angekula na watu, hilo tu, na hilo lilikuwa kubwa.

Nilipopata likizo nilikwenda Likunja. Bibi Zainabu alikuwa hai, amepinda mgongo, anachambua ufuta barazani. Kusema kweli nilikwenda na uchungu. Nilitaka tugawane ule mzigo wa lawama, nusu yangu, nusu yake, na ikiwezekana yake iwe kubwa zaidi.

"Bibi," nikamwambia, "kule kutetemeka kwa bibi mkubwa kulikuwa ugonjwa. Nimeuona hospitali, kwa mzee wa watu wengine kabisa."

Aliacha kuchambua. "Na kule kutulia usingizini?"

"Ndivyo ulivyo. Wote wako hivyo."

"Na ule uso?"

"Ugonjwa, bibi."

Aliushusha ungo magotini. "Siku yake ya mwisho aliomba maji," akasema. "Nilimpa, mimi mwenyewe, kwa kata. Alipomaliza nikaitupa ile kata kichakani. Naye anaona."

Niliiacha ile hesabu ya nusu kwa nusu. Nilisogea nikakaa naye mkeka mmoja, akajifunika kanga usoni, nami kwa mara ya kwanza nikamlilia bibi yangu kama mtu aliyenipenda mpaka siku ile ya baiskeli, na baada yake.