Barua Niliyoisoma kwa Uongo

Juma lililopita nilikuwa hapa Kauma, Lilongwe, nikikaanga mandazi ya watoto wa shule yangu ya chekechea, simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la watu tuliokulia mtaa mmoja kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Mama mmoja ninayemfahamu tangu utoto alikuwa akisema kwa pumzi za haraka: "Mujichunge na ule mama anauzaka sabuni pale ku bomba. Yeye njo anapeleka majina yetu ku biro ya bakimbizi. Mutume kwa bengine." Nilipomaliza kusikiliza, watu kumi na kitu walikuwa wameshaituma kwingine. Nikafuta mkono wenye unga, nikaandika swali moja tu: "Umemwona kwa macho yako?" Jibu lilirudi kabla mafuta hayajapoa. "Na weye uko upande gani?"

Mpaka jioni salamu zangu kwenye kundi hazikuwa na wa kuziitikia. Sikukasirika, rafiki yangu. Swali hilo niliulizwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, na aliyeniuliza ni mtu aliyenilea, nyanya yangu mwenyewe.

Labda Dzaleka umeipita tu kwa gari ukaona mabati na vumbi jekundu, ukaona na yale majengo ya zamani yaliyokuwa gereza. Sisi tuliokaa ndani tuliijua kwa kuta. Nyumba zetu za matofali mabichi zilikuwa zimegusana bega kwa bega, hata ukikohoa upande huu jirani anakwambia pole upande ule. Asubuhi ilianza na ndoo zikigongana kwenye bomba, halafu ngurumo ya mahindi kwenye mashine ya kusaga, halafu redio tatu zikisema lugha tatu. Wakati wa kula ungeweza kujua kwa pua nani anatoka wapi: hapa nsima, ule ugali wa mahindi, na maharage, pale ndizi za kuchemsha, kwa jirani yetu sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese.

Jirani huyo alikuwa fundi wa kushona, mama mmoja Mwislamu kutoka Kindu, anayeishi peke yake. Sisi tulikuwa watu wa Bukavu, wa kanisani, baba na nyanya na mimi; mama alifariki njiani kabla sijajua kuuliza. Nyanya alikuwa akisema kwamba sindano haiulizi nguo ni ya dini gani, na kwa maneno hayo akaniruhusu kushinda kwa yule mama kila nikitoka shule. Nilimtungia uzi kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Alinifundisha kubandika vifungo, na Ijumaa akirudi kutoka msikitini alipika wali akanipa ule wa chini ya sufuria, uliokauka na kunukia. Niliingia kwake bila kupiga hodi. Kanyagio la cherehani lake lilikuwa likisikika kwetu mchana kutwa, na likinyamaza nyanya aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa.

Halafu ikaja habari ya dosiye yetu, faili la kuombea kuhamishiwa nchi ya mbali. Baba alikuwa ameitwa kwenye mahojiano mara mbili, na watu walianza kumpa mkono kwa namna ya kuaga, kana kwamba tumeshapanda ndege. Nyanya aliacha kuziba paa. Kisha siku moja baba akarudi kutoka ofisi ya wakimbizi, akakaa kwenye kizingiti na viatu miguuni, akasema dosiye imesimamishwa. Sababu, alisema, hawakuitaja. Nyanya akarudia kuziba paa.

Kwenye mtaa wetu hakuna jambo lililotokea lenyewe. Mvua ikichelewa kulikuwa na mtu, na mtoto akiugua kulikuwa na mtu. "Dosiye hailali yenyewe," nyanya alisema. "Kuna mutu ameitandikia kitanda." Majirani wakaanza kuhesabu nani alikuwa akipita wapi. Haikuchukua siku tatu wakampata. Yule fundi alikuwa ameonekana akitoka upande wa ofisi na karatasi aliyoikunja ndani ya kitenge. Alikuwa amekwenda Lilongwe mara mbili bila kuaga, yeye ambaye zamani hata akienda mji wa jirani, Mponela, kununua vifungo alipita mlango kwa mlango kuuliza nani anataka uzi wa rangi gani. Tena aliishi peke yake. Mtu asiye na watu, walisema, anatafuta watu wa kuuza.

Sare za shule alizokuwa ameshazishona zilibaki zimetundikwa bila wenyewe kuja kuzichukua. Kwenye bomba, akiweka ndoo yake, ndoo za wengine zilisogea kidogo kidogo, bila mtu kusema kitu. Nami, nisikufiche, nilianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Akicheka, niliona amecheka mapema mno. Akiniuliza baba yuko wapi, nilijiuliza anataka kujua kwa nini, ingawa alikuwa akiniuliza hivyo hivyo tangu nina miaka sita.

Ijumaa moja, alipokuwa msikitini, nyanya alinivuta kwapani akaninong'oneza. "Weye unaingiaka mule. Droo ya ile mashini, fungua. Lete ile karatasi."

"Nyanya, ni kuiba."

"Yeye njo mwizi. Sisi tunatafuta chetu."

Nilikwenda. Droo ilikuwa na chaki, mkasi, vifungo ndani ya kopo la maziwa, na chini yake karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Niliziweka ndani ya soksi, nikatoka kwa mwendo wa kawaida, mwendo ambao hakuna mtoto anayeutumia kama hana kosa.

Nyanya hakujua kusoma hata jina lake, na baba alikuwa kwenye vibarua vya tumbaku, kwa hiyo msomaji wa nyumba nilikuwa mimi. Zilikuwa za Kiingereza, lugha niliyofundishwa shuleni. Nilisoma kimya kwanza. Zilitoka hospitali moja ya Lilongwe. Moja ilisema arudi lini kuchukua dawa. Nyingine ilitaja ugonjwa wenyewe, kwa jina lile ambalo watu wa mtaa wetu walilitamka kwa kupinda mdomo, na ambalo likishatajwa juu yako hakuna anayekunywa kwenye kikombe chako tena.

Ningefanya nini? Nikisema kweli, atasafishwa kwa jambo moja na kuchafuliwa kwa lingine baya zaidi, na hakuna tena atakayempa nguo azishike. Nikinyamaza, anabaki msaliti. Sikuwa na muda, nyanya alikuwa amenishika bega. Nikasema ofisi inawaita mafundi wa kushona kwenye mafunzo, Lilongwe, siku ya Jumanne.

"Soma tena."

Nikasoma tena, nikivuta kidole kwenye mistari: mafundi wa kushona, mafunzo, siku ya Jumanne, Mponela.

Nyanya hakuinua sauti. "Mara ya kwanza ulisema Lilongwe. Sasa ni Mponela. Karatasi haihamake. Mutu njo anahama." Aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia, kama vile nimeletwa nyumbani kwake na mtu asiyemjua. "Weye uko upande gani?"

Alizichukua karatasi, akajifunga kitenge, tukaenda kwa mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa mtu wetu wa Bukavu, na ndiye aliyewasomea wazee barua zao. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akazikunja kwa mikunjo ile ile.

"Mama, umu hamuna jina lenu hata moja."

"Basi iko nini?"

"Iko ya mwenyewe." Akazitia mfukoni mwa shati lake. "Nitamurudishia."

Njiani nyanya alisema neno moja tu: "Na ule wamemununua." Tangu siku ile tulikuwa na washukiwa watatu: fundi, mwalimu na mimi.

Kesho yake fundi aliniita. Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kukanyaga. "Ulisoma?" Nikaitikia kwa kichwa. "Ulisema nini kule kwenu?"

"Nilisema ni barua ya mafunzo ya kushona."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ulidanganya vibaya. Mi niko fundi tangu mama yako akiwa mutoto, naenda ku mafunzo gani?" Kisha akazungusha gurudumu kwa kiganja. "Asante. Lakini kuanzia leo, kama siko, usiingie. Na kama niko, piga hodi."

Aliendelea kunipa vifungo nibandike. Ila droo ilikuwa sasa na kufuli dogo, na sisi wawili tulijua limewekwa kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimetarajia, kwa akili za mtoto, kwamba mtu akikukingia siri unampenda zaidi. Sikujua kwamba anayeijua siri yako ndiye wa kwanza kuogopwa.

Msimu wa mvua fundi alianguka kweli kwa ugonjwa. Tulimwona akipelekwa kliniki juu ya kabaza, dereva akisukuma baiskeli kwa miguu maana tope lilikuwa limefika kwenye spoku, naye ameshika kiti kwa mikono miwili akitazama mbele tu. Alirudi amekonda. Cherehani halikusikika kwa siku nyingi, na nyanya aliinua kichwa, akakiinamisha, akakiinua tena. Asubuhi moja akapika uji wa mahindi, akautia karanga zilizotwangwa, akafunika bakuli kwa sahani. "Mupelekee. Usiseme ni mi."

Nikapiga hodi. Fundi alifunua sahani, akanusa. "Nyanya yako anaunguzaka uji kidogo," akasema. Halafu akanisogezea kijiko. "Anza weye."

Nikaelewa. Nikanywa kijiko kimoja, cha pili akaniashiria ninywe pia. Alingoja. Nje mtu alipita na redio, sauti ikaja na ikaenda, na bado alikuwa akiniangalia usoni. Kisha akalivuta bakuli akanywa wote, akafuta ukingo kwa kidole.

Kwetu chombo hakirudishwi kitupu. Kesho yake alinipa bakuli limeoshwa, ndani yake mchele, kama viganja viwili. Nyanya aliumwaga kwenye ungo, akaupepeta, akachambua punje moja moja kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu kuliko mchele ule ulivyostahili. Akaunusa. Akaonja punje mbichi kwa ncha ya ulimi. Halafu akaupika. Tulikula tukiangaliana, baba na nyanya na mimi. Asubuhi tuliamka wote watatu, na nyanya akatangulia kwenda bomba, akaweka ndoo yake kando ya ndoo ya fundi na kuiacha pale pale. Wenzake walimwona. Mmoja akamuuliza kama amesahau. Akajibu kwamba hajasahau kitu, mguu tu unamuuma, hawezi kusogea sogea.

Nyanya hakuomba msamaha na hakuambiwa ameshasamehewa. Mpaka anakufa hakuwahi kusema kwamba yule mama hana hatia. Fundi alihamia Lilongwe miaka michache baadaye, na nilisikia baadaye tena kwamba ameondoka nchini, wengine wakasema amefariki. Sina hakika, na nimejifunza kutosema nisichokuwa na hakika nacho.

Baba ndiye aliyenieleza kuhusu dosiye, nikiwa tayari mama wa watoto wawili, tumekaa uani hapa Kauma tukichambua maharage. Kwenye mahojiano ya kwanza alimficha kaka yake aliyebaki Bukavu, kwa sababu aliogopa maswali. Kwenye ya pili akamtaja. Waliokuwa wakimhoji walisoma maelezo mawili ya mtu mmoja wakaona hayalingani. Basi. Hakuna aliyetuuza.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

Hakuacha kuchambua. "Walinionyesha siku ile ile."

"Na ulimwacha yule mama?"

"Niliona ni heri bamuangalie yeye kuliko bamuangalie baba yako." Akatupa jiwe dogo uani. "Na weye ulikuwa unajua ile karatasi. Mbona haukusema?"

Nilimlinda kwa uongo nikijiona mwema, lakini nilikaa kwenye bomba nikiziona ndoo zikisogea, na sikusema hata kwamba nimesoma na jina letu halimo. Hilo tu lingewezekana bila kutaja hospitali. Mwalimu alilisema. Mimi sikulisema, kwa sababu ningejulikana kuwa ndiye niliyeiba. Ndiyo maana siku hizi namshuku kwanza mtu mkimya, na mkimya ninayemjua vizuri kuliko wote ni mimi.

Nilirudi Dzaleka mwaka huu kusafisha kaburi la nyanya. Pale ilipokuwa nyumba yetu na ya fundi pamejengwa kibanda kimoja kirefu cha kuchaji simu, na vijana wamekaa mstari mmoja, kila mtu ameinamisha kichwa chake. Bomba limehamishwa. Niliuliza mashine za kushona ziko wapi, wakanionyesha maduka ya nguo za mitumba. Ukweli ni kwamba tulikuwa na shuku mbaya sana kule, sitakudanganya kwamba zamani watu walipendana. Lakini uliyemshuku ulilazimika kumwambia umeamkaje kila asubuhi, ukamsikia akikohoa ukutani usiku kucha, na mwisho, ukipenda usipende, ukajikuta unampikia uji.